Shingo ya suka: mwongozo wa Ayurveda kwa madereva wa Dar ambao pingili zimeanza kusagika

Ilianza kwa ganzi ya kidole gumba cha kushoto, mkono wa gia. Foleni ya Kilwa Road haisogei, abiria wamesimama mpaka mlangoni, konda anagonga bodi, na mimi nakunja na kukunjua vidole nikidhani mkono umelala tu. Miezi michache baadaye nikawa siwezi kutazama kioo cha kushoto bila kugeuza kifua kizima. Eksirei ikaonyesha pingili ya tano na ya sita za shingo zimesogeleana, na kwenye kingo zake mfupa umeota vijipembe. Daktari akasema ni spondilosisi ya shingo. Kijiweni wakasema pingili zimesagika. Wamesema kitu kilekile.

Naandika haya kwa suka wenzangu wa Dar: wa daladala, wa malori yanayotoka bandarini kwenda Tunduma, wa bajaji, wa teksi za kuitwa kwa simu. Mimi si daktari, wala si vaidya, ambalo ndilo jina la mtaalamu wa Ayurveda, tiba ya kale ya India. Nimeendesha Kosta ya Mbagala Rangi Tatu–Kariakoo miaka tisa, sasa naendesha basi la wafanyakazi. Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwa mama mmoja vaidya kule Upanga. Nilikwenda nikitegemea kupewa chupa ya mafuta. Mama yule akatumia nusu saa nzima kuniuliza nakula saa ngapi, nalala saa ngapi, na mkojo ukinibana barabarani nafanyaje. Shingo aliigusa mwisho kabisa. Nilinuna kidogo. Baadaye ndiyo nikaelewa alichokuwa anakitafuta: kwa hesabu za Ayurveda, ugonjwa wangu ulikuwa unatengenezwa upya kila siku kuanzia saa kumi alfajiri ninapowasha gari, na hakuna mafuta yanayoweza kushindana na siku ya namna ile. Ndiyo maana hatua zangu zinaanza na siku yako, na mafuta yanafuata nyuma.

Elewa kwanza kinachosagika

Shingo ina pingili 7. Kati ya pingili na pingili, ukiacha mbili za juu kabisa, kuna disiki inayofanya kazi kama bushi ya mpira kwenye gari. Ndani yake mna ute wenye maji mengi. Umri ukienda maji yanapungua, bushi inakuwa nyembamba, pingili zinakaribiana, na mwili unajaribu kujiimarisha kwa kuotesha mfupa pembeni. Kijipembe hicho kikiegemea neva, maumivu hayabaki shingoni, yanashuka mkononi. Pingili ya tano, ya sita na ya saba ndizo zinazochoka mapema. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, mifupa inakibeba. Kikisogea mbele kufuata kioo, kama tunavyofanya usiku wa mvua Kilwa Road, misuli ya nyuma ya shingo inakining'iniza kutwa.

Usishtuke ukiliona neno spondilosisi kwenye karatasi. Wengi waliovuka miaka 60 wana mabadiliko hayo kwenye picha na hawaumwi popote. Picha peke yake haikuambii utaumwa kiasi gani.

Ayurveda nayo ina maelezo yake. Inasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Vata ndiyo ya mwendo, na sifa zake ni ukavu, ubaridi, wepesi, ukwaruzo na kutotulia. Makao yake mojawapo ni mifupa, na vata ikizidi, mfupa unapungua. Kapha, kwa aina yake inayoitwa shleshaka, ndiyo inayotia utelezi kwenye maungio. Sushruta, mmoja wa waandishi wakongwe wa tiba hiyo, anafananisha ungio na ekseli ya gurudumu iliyopakwa mafuta. Niliposikia hivyo nilicheka kwa sauti. Karne nyingi kabla ya gari la kwanza, mtu amekaa India anazungumzia grisi! Charaka, mkongwe mwingine, anahesabu maradhi 80 ya vata, na shingo kukakamaa ni mojawapo.

Picha ya MRI haitakuonyesha vata, na usimdai daktari wa mifupa aione. Ichukue kama namna ya kuisoma siku yako. Sasa tazama siku ya dereva: mtikisiko, upepo, kukesha, kula kavu na kwa kurukaruka, kubana mkojo. Ukimwambia vaidya akutengenezee kiwanda cha vata, hatapata kizuri zaidi ya usukani wa daladala.

Hatua ya kwanza: hospitali kabla ya mafuta

Hapa sitanii. Nenda hospitali kwanza, na usimpe mtu yeyote shingo yako aikande, ukiona hata kimoja kati ya hivi: mkono unakosa nguvu na vitu vinakudondoka, vidole vinashindwa kufunga vifungo vya shati, miguu mizito, unayumba ukitembea, mkojo au choo vinakuponyoka, au mkojo unagoma kutoka, ukiinamisha kichwa unapigwa shoti inayoshuka mgongoni. Hizo ni dalili kwamba kinachobanwa ni neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo, na kuchelewa kunaweza kukuachia ulemavu. Homa, kukonda bila sababu, jasho la usiku na maumivu yanayokuamsha usingizini yanataka uchunguzi pia, kwa sababu kifua kikuu hakikai mapafuni tu, kinaingia hata kwenye pingili. Ukiwa umepata ajali, hata ile ya kugongwa nyuma kidogo kwenye taa, pima. Na maumivu ya bega na mkono wa kushoto yakija pamoja na kubanwa kifua na jasho jembamba, hiyo si shingo, ni moyo. Wahi hospitali.

Kwa Dar unaweza kuanzia Amana, Temeke au Mwananyamala, na wao wakiona haja watakupa rufaa ya taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili. Ukienda, mweleze daktari ganzi iko kidole gani hasa. Gumba na cha shahada mara nyingi ni neva ya sita ya shingo. Cha kati ni ya saba. Kidogo na cha pete ni ya nane. Lakini kidole kidogo kina hadithi nyingine kwa sisi madereva: neva yake inapita nyuma ya kiwiko, na ukishinda umeegemeza kiwiko cha kulia kwenye ukingo wa dirisha, unaikandamiza pale. Rafiki yangu mmoja alikuwa na ganzi ya namna hiyo mwaka mzima, akijua ni shingo. Aliacha kuegemea dirisha, ikapungua.

Na diklofenaki, kidonge cha maumivu. Najua. Ipo kwenye droo ya kila gari, inanunuliwa duka la dawa kama pipi. Ukiimeza kila siku kwa miezi inakula tumbo na figo, hasa ukiimeza na njaa kama tunavyofanya. Kama huwezi kumaliza wiki bila hiyo, hiyo nayo ni sababu ya kumwona daktari.

Hatua ya pili: rekebisha siti

Hii ni fupi na haina gharama. Sukuma makalio mpaka nyuma kabisa ya siti. Egemeo lilale nyuma kidogo tu. Usilifanye kitanda, maana ukilala sana shingo inalazimika kuchomoza mbele kutafuta barabara. Mabega yakiwa yamegusa siti, nyoosha mkono: kifundo cha mkono kiweze kupumzika juu ya usukani. Kama hakifiki, siti iko mbali. Egemeo la kichwa lifike usawa wa utosi na liwe karibu na kisogo. Toa pochi mfuko wa nyuma, inakukalisha upande. Kisha, ukiwa umekaa vizuri hivyo, ndipo urekebishe vioo. Mchana ukijikuta huvioni, usiviguse: ni wewe uliyeporomoka, kaa sawa.

Kosta nyingi za zamani egemeo la kichwa lilishakufa. Kunja taulo, lifunge kwa kamba usawa wa shingo. Shokapu na upepo wa matairi ni suala la tajiri mwenye gari, mnalijua, lakini kama gari ni lako usisubiri. Ushahidi kwamba mtikisiko wa gari unaumiza ni mzito zaidi kwa kiuno kuliko kwa shingo, ila shingo haikubaki nyumbani wakati kiuno kinatikiswa. Wa bajaji ninyi hamna cha kuegemea wala mlango wa kuzuia upepo. Kwenu hatua inayofuata ndiyo kubwa.

Hatua ya tatu: itoe vata kwenye siku yako

*Mkojo na maji.* Ayurveda ina orodha ya haja 13 ambazo mtu hatakiwi kuzizuia: mkojo, choo, hewa ya tumboni, chafya, miayo, machozi, njaa, kiu, usingizi na nyinginezo. Zisome tena ukiwa umekaa kwenye usukani. Tunazizuia karibu zote! Mimi nilikuwa sinywi maji kuanzia alfajiri mpaka saa sita mchana ili nisitafute choo, maana ukishuka Gerezani foleni ya magari inakupita na hesabu ya tajiri haijatimia. Mama vaidya akaniambia kuzuia mkojo kunaipindua vata iende isikotakiwa. Daktari angekwambia figo na kibofu. Kwangu mimi wote wawili wanasema kitu kimoja: kunywa, na ukakojoe. Nilipatana na konda wangu: kila tukifika mwisho wa ruti, yeye anaita abiria, mimi nashuka kwenda choo cha kulipia. Dakika nne. Maji nayanywa kidogokidogo, ya kawaida au ya uvuguvugu, yasiwe ya barafu.

*Chakula.* Hapa wengi wanaogopa, wanadhani Ayurveda itawageuza wala majani. Kwa maradhi ya vata ni kinyume kabisa. Supu ya nyama imesifiwa na wakongwe wenyewe. Supu ya asubuhi yenye tangawizi na ndimu, na chapati moja, hiyo ni dawa inayouzwa kila kona ya Temeke. Kanuni ni rahisi: chakula chako kiwe cha moto, kiwe na mchuzi, kiwe na mafuta ya kiasi, na kiliwe saa zilezile kila siku. Kinachoizidisha vata ni kikavu, cha baridi na kibichi: bisi, biskuti, mihogo mikavu ya kukaanga, chipsi zilizopoa, soda ya barafu, na kinywaji cha kuongeza nguvu kinachofuatwa na kingine. Kahawa chungu ya kijiweni imo pia, samahani wazee wa kahawa. Angalau isiwe chakula cha mchana.

Maharage yanajaza gesi, na vata ni upepo. Choroko ndizo zinazopewa heshima. Choroko zilizopikwa zikalainika, na manjano, bizari nyembamba, tangawizi na kijiko kidogo cha samli, juu ya wali. Mke wangu aliuliza kama nimeanza mfungo. Nilikula hivyo usiku mara nne kwa wiki na tumbo likatulia, na usingizi ukaja mapema. Mwenye presha, kisukari au mafuta mengi kwenye damu aulize kwanza kuhusu samli, na asiongeze chumvi kwa sababu eti Ayurveda inaipenda kwa vata.

Ugali na dagaa wakavu? Kula, ila omba mchuzi. Bamia au mlenda pembeni pia ni kitu kizuri.

*Upepo.* Dereva anatoka jasho, anashusha kioo mpaka mwisho, na upepo unapiga shingo ya kulia Mandela Road nzima. Wa magari ya ofisi wanafanya hivyohivyo kwa kiyoyozi. Sisemi upepo unakula pingili; hospitali hawatakubali na mimi sina hoja. Ninachojua ni kwamba shingo yenye jasho ikipigwa ubaridi inakaza. Elekeza kiyoyozi kifuani au miguuni. Kioo kishushe nusu. Funga kitambaa chepesi cha pamba shingoni, na wakikuuliza kama unaumwa koo, waambie ndiyo.

*Usingizi.* Kukesha, kwa Ayurveda, kunakausha mwili. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, wenzetu wa mabasi wanalijua hili vizuri. Kulala mchana kwa kawaida Ayurveda inakukataza, ila Charaka ameacha mlango wazi kwa watu fulani, na miongoni mwao ni waliochoshwa na vyombo vya safari na waliokesha. Ruhusa mnayo tangu zamani! Isipokuwa msilale kifudifudi juu ya usukani, shingo imepinda saa nzima. Lalisha siti, kunja taulo au khanga iwe kama soseji nene, iweke chini ya shingo, dakika ishirini zinatosha. Nyumbani tumia mto mmoja unaojaza nafasi kati ya bega na kichwa unapolala ubavu. Kulala kwa tumbo acha kabisa.

Kama una deiwaka, dereva wa kukushikia gari, unayemwamini, mpe tripu mbili za mchana. Najua pesa inapungua. Mimi nilianza na siku mbili kwa wiki.

Hatua ya nne: mafuta na joto

Haya ndiyo mliyokuwa mnayasubiri. Kupaka mafuta mwilini kunaitwa abhyanga, na kutia joto kunaitwa swedana. Vinakwenda pamoja kwa mpangilio huo: mafuta kwanza, joto baadaye.

Mafuta ni ya ufuta. Sisi watu wa Pwani mkono unaenda wenyewe kwenye nazi, lakini kwa Ayurveda nazi inapoza na ufuta unapasha, na vata inataka kupashwa. Ufuta wetu wa Lindi na Mtwara ni mzuri. Tafuta mafuta yaliyokamuliwa ufuta mbichi, rangi ya dhahabu. Yale meusi yenye harufu kali ya kupikia chakula cha Kichina ni ya ufuta uliokaangwa, hayo yaache jikoni. Mafuta ya nyonyo pia yanatumika kwa vata, ni mazito na yananata, unaweza kuchanganya kidogo. Mafuta yaliyopikwa na mitishamba, kama yale yaitwayo Mahanarayana, yapo kwenye maduka ya Kihindi, lakini anza na ya kawaida.

Fanya jioni kabla ya kuoga, usiwe umetoka kushiba. Weka vijiko vikubwa viwili kwenye kikombe cha bati, kikalishe ndani ya bakuli la maji ya moto dakika tano. Jaribu kwenye kifundo cha mkono: yawe ya uvuguvugu wa kupendeza. Kaa kwenye kiti, mtu akusaidie kama yupo. Aanzie nyuma ya masikio, ashuke na misuli ya pande zote mbili za uti, asibonyeze mfupa wenyewe katikati wala mbele ya shingo. Aende mabegani na kiganja kizima, azungushe kwenye ungio la bega, kisha avute kwa mapigo marefu mpaka kwenye vidole. Dakika kumi mpaka kumi na tano, kwa mkono mzito lakini wenye subira. Maumivu yakiongezeka, au ganzi ikishuka zaidi mkononi, acheni.

Acha mafuta yakae nusu saa. Halafu chukua taulo, lichovye maji ya moto, likamue, lifunike shingo na mabega. Likipoa rudia, kama dakika kumi hivi. Ukitaka kufanya kama wanavyofanya wenyewe, chuma majani ya mnyonyo, ya mkwaju na ya mlonge, yakatekate, yakaange kidogo na mafuta ya ufuta, yafunge kwenye kitambaa, na ugongegonge nacho shingoni na mabegani. Yote matatu yanapatikana uswahilini bila kununua. Mbegu za nyonyo ni sumu, ziweke mbali na watoto. Mwenye kisukari au ganzi kali ajaribu joto kwa sehemu ya mwili isiyo na ganzi, au mtu mwingine ampimie. Nimeona malengelenge ya mtu aliyesema "mbona hayachomi".

Baada ya hapo oga maji ya uvuguvugu, vaa shati, usitoke nje kupigwa na upepo. Usifanye kabla ya kuingia kazini. Mikono yenye mafuta na usukani havipatani, hilo sihitaji kulieleza.

Mara tatu kwa wiki ilinitosha. Ukiwa na homa, kidonda au shingo imevimba, usipake.

Na saluni. Ukimaliza kunyolewa kijana anakukanda kichwa vizuri, unafumba macho, halafu ghafla anakamata kidevu na kisogo, kaa! Shingo inalia. Mkatalie. Mishipa mikubwa miwili inayopeleka damu kwenye ubongo inapita ndani ya pingili hizohizo, na kuipinda ghafla kunaweza kuichana na kuleta kiharusi. Mwambie mapema, kabla hajashika taulo: "Dogo, shingo usinivunje."

Hatua ya tano: mazoezi ya kwenye foleni

Ayurveda inasema mazoezi yafanywe kwa nusu ya nguvu zako. Kwa shingo ni kanuni nzuri.

La kwanza, gari likiwa limesimama: vuta kidevu nyuma moja kwa moja kama unayetaka kugusa egemeo kwa kisogo, bila kuinua wala kuinamisha uso. Shikilia sekunde tano, mara kumi. La pili, sogeza mabega nyuma, bana mabawa yake, shikilia sekunde tano. La tatu ni la kituoni: weka kiganja kwenye paji, sukuma kwa kichwa na mkono uzuie, hakuna kinachosogea, kisha kushoto, kulia, na nyuma. Geuza shingo polepole kila upande mpaka pale inapoishia bila kulazimisha. Kuzungusha kichwa duara zima usifanye, na wa yoga wakikuambia usimame kwa kichwa, washukuru na ubaki umekaa.

Wa malori, kila baada ya saa mbili hivi shuka, zunguka gari, gonga matairi kama kawaida yenu, na mfanye haya matatu.

Hatua ya sita: ukiamua kwenda kwa vaidya

Muulize kwanza usajili wake. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga na vituo. Mwenye cheti hukionyesha bila kununa. Mpelekee picha zako za hospitali. Akikuambia atayeyusha vijipembe vya mfupa au kurudisha disiki iliyokwisha, inuka. Mama wa Upanga aliniambia wazi kwamba mfupa hautarudi, anachotafuta ni shingo igeuke na mkono utulie usiku.

Tiba utakayosikia zaidi ni griva basti. Unalala kifudifudi, wanakujengea ukuta wa duara nyuma ya shingo kwa unga wa urad (jamii ya choroko nyeusi za Kihindi) uliokandwa, wanamimina ndani yake mafuta ya dawa yenye uvuguvugu, na yakipoa wanayabadilisha, kama nusu saa. Hurudiwa siku kadhaa mfululizo. Raha yake siwezi kuieleza. Siku ya pili nilikoroma. Usiijaribu nyumbani, mafuta ya moto yakivuja utaungua. Panga siku ambazo huendeshi baada yake, kwa sababu unatoka umelegea.

Kuna nasya, matone ya mafuta puani, ambayo kwa Ayurveda ndiyo njia ya kuyafikia maradhi ya juu ya mabega. Hiyo pia mwachie mtaalamu. Mafuta yakiteremka mapafuni yanaleta homa ya mapafu. Ukiwa na mafua usikubali.

Kwenye vidonge ndipo pa kufungua macho. Utapewa guggulu, ambayo ni utomvu wa mti, pengine ashwagandha, ambayo ni mzizi. Ashwagandha inaweza kukupa usingizi, na wewe una abiria. Ianze siku ya mapumziko uone. Mwenye dawa za kuzuia damu kuganda, za tezi ya shingo au za kisukari, amwonyeshe daktari wake kabla ya kumeza. Dawa zenye majivu ya madini zikatae kabisa: mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizokuwa zinauzwa maduka ya Boston, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kopo lisilo na lebo, au unga uliofungwa kwenye gazeti, urudishe hata kama umetoka kwa mtu wa heshima.

Jipe wiki sita

Usipime kwa maumivu peke yake, yana siku zake. Mimi nilipima kwa kioo cha kushoto: mabega yakiwa yameegemea siti, nageuza kichwa tu, je, nauona mlango wa abiria? Wiki ya kwanza hapana. Wiki ya nne nusu. Siku hizi nauona wote, ingawa asubuhi za mvua bado shingo inalalamika mpaka nifike Kwa Aziz Ally. Ganzi ya gumba imebaki kidogo sana, inakuja nikikesha. Kama wiki sita zimepita na hujaona hata hatua moja, au nguvu ya mkono inapungua, rudi hospitali ukaangaliwe upya. Fiziotherapia na hata upasuaji vipo kwa sababu wapo wanaovihitaji.

Chupa ya mafuta usiiache kwenye dashibodi. Jua la Dar linayachachusha upesi, na ya kwangu ya kwanza ilimwagikia leseni.